Wenye Kibali cha Kupita: Kusoma La Peste Kutoka Mji wa Kale

Mwezi wa Mei 2020 nilikuwa navaa shingoni kadi moja ambayo, kwa wiki zile, ilikuwa na thamani kuliko mshahara wangu. Ilikuwa kadi ya uandishi wa habari. Wanahabari tulihesabiwa miongoni mwa watoa huduma muhimu, pamoja na madaktari na wasafirishaji wa chakula, kwa hiyo niliweza kutembea baada ya saa moja usiku wakati Kenya nzima iko ndani kwa ajili ya kafyu. Na kuanzia jioni ya tarehe 6 Mei niliweza kufanya jambo jingine ambalo majirani wa shangazi yangu hawakuweza: kuvuka kizuizi cha polisi, kuingia Mji wa Kale wa Mombasa, na kutoka tena.

Shangazi anaishi Kibokoni, katikati ya eneo lililofungwa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba nje ya eneo hilo, mwendo wa dakika kama kumi na tano kwa miguu. Ilikuwa Ramadhani. Siku ya tatu nilimpelekea unga, tambi na tende. Akanifungulia mlango wa chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, mtandio umeziba pua na mdomo. Hatukupeana mkono, wala sikuubusu mkono wake kama nilivyozoea tangu utotoni. Akaniangalia kadi shingoni.

“Umekuja kutuona ama umekuja kutuandika?”

Nikamwambia yote mawili, shangazi.

“Haya. Lakini usituandike kwa nambari, mwanangu. Nambari wanazo.”

Miaka imepita na lile neno bado linanikaa. Linanirudia hasa kila nikiifungua riwaya niliyokuwa naisoma mwezi ule, La Peste ya Albert Camus, iliyotoka mwaka 1947. Sikuwa peke yangu. Janga lilipoanza, wasomaji wengi duniani waliirudia riwaya hii ya tauni inayoufunga mji wa Oran, pwani ya Algeria. Wengi walisema inatusema sisi. Mimi pia nilisema hivyo, tena niliandika hivyo kwenye ukurasa wangu kwa maneno makubwa makubwa. Leo nataka kulirekebisha lile neno. Inatusema, ndiyo. Lakini inatusema kama mtu mwenye kibali cha kupita anavyowasema watu wasio nacho. Nalijua hilo kwa sababu nilikuwa na kibali hicho.

Kwa ambaye hajaisoma: panya wanaanza kutoka mashimoni na kufa hadharani. Kisha bawabu wa nyumba moja anafariki. Wakubwa wanakwepa kulitaja jina la ugonjwa mpaka amri inapofika kwamba itangazwe tauni na mji ufungwe. Tunamfuata daktari Rieux, ambaye mkewe amesafiri kwa matibabu kabla ya malango kufungwa. Tarrou, mgeni anayeunda vikosi vya kujitolea. Grand, karani anayeandika sentensi moja ya riwaya yake miaka nenda miaka rudi. Padri Paneloux na mahubiri yake. Cottard, ambaye janga linamfaa kwa kuwa linamkinga na polisi. Na Rambert, mwandishi wa habari kutoka Paris aliyenaswa mjini kwa bahati mbaya.

Kuna mambo Camus aliyapata sawasawa hata unashtuka. Chukua suala la takwimu. Rieux anajaribu kuelewa maana ya maelfu ya watu kufa, anashindwa, mpaka anajaribu kuwaza watu wanaotoka kwenye majumba matano ya sinema, wakusanywe uwanjani, wafe wote pamoja. Hata hapo anaona lazima uchomeke katika kundi lile nyuso za watu unaowajua, la sivyo ni moshi tu. Nasi tulikuwa na nambari zetu kila siku alasiri, zikisomwa kwenye televisheni kaunti kwa kaunti, halafu mtaa kwa mtaa. Watu walinyamaza kusikiliza mtaa wao kama wanaosikiliza matokeo ya mtihani. Au chukua lugha. Barua zinapopigwa marufuku Oran kwa kuhofia kubeba ugonjwa, watu wanabaki na telegramu tu, na wapenzi walioishi pamoja miaka mingi wanajikuta wanatumiana maneno yaleyale matatu manne yaliyochakaa. Nikiangalia ujumbe wangu na shangazi wa Aprili ile, naona: Salama? Salama. Nyinyi? Alhamdulillahi. Siku thelathini hivyohivyo. Camus alijua kwamba kufungiwa kunapunguza hata msamiati.

Sasa twende kwenye sehemu ya tatu ya riwaya. Ni sehemu fupi kuliko zote. Hapo msimulizi anasema kwamba, ndani ya mji ambao tayari umefungwa, wakubwa walipata wazo la kutenga mitaa kadhaa iliyoathirika zaidi, na kuruhusu watoke wale tu ambao huduma zao hazikosekani. Wakazi wa mitaa hiyo, anasema, waliona amri imetungwa makusudi kuwaonea wao, na wakawatazama watu wa mitaa mingine kama watu huru. Na hao wa mitaa mingine, walipoelemewa, walijiliwaza kwa kufikiri kwamba wapo waliobanwa kuliko wao.

Nilipofika hapo, usiku, chumbani kwangu, nilikiweka kitabu chini. Ni sisi kabisa. Mombasa nzima ilikuwa imefungwa tangu tarehe 8 Aprili: hakuna kutoka wala kuingia kaunti. Halafu tarehe 6 Mei ndani ya mji uliofungwa ukafungwa mtaa, Mji wa Kale, siku moja na Eastleigh kule Nairobi. Siku 15, zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Masoko na mikahawa ya maeneo yale ikafungwa. Sababu ilitolewa: maambukizi yalikuwa yanapanda, na wakazi wanakwepa kupimwa. Sisemi sababu ile ilikuwa ya uongo. Ugonjwa ulikuwepo, na nimezika watu. Lakini mitaa yote miwili ilijulikana kwa Waislamu wengi, mmoja ni moyo wa Waswahili na mwingine ni moyo wa biashara ya Wasomali, na hata mtoto aliona hilo. Na wale wa nje, wa Nyali, wa Bamburi, hata mimi, tulijisikia afadhali kidogo. Camus aliona hilo pia.

Nikageuza ukurasa nikitaka kuingia nao mle ndani. Nilitaka kujua mitaa ile ilikula nini, nani alipeleka maji, nani aligombana na mlinzi. Hakuna. Aya moja, halafu msimulizi anahamia kwenye nyumba zinazochomwa moto na wizi, kisha mazishi. Tumeambiwa kwamba wale watu walijisikia kuonewa. Hatuambiwi jina hata la mmoja wao.

Niseme basi kulikuwa na nini ndani ya mtaa kama ule, angalau kwa niliyoyaona Kibokoni.

Kwanza, baraza zilikuwa tupu. Asiyeijua Mombasa anaweza kudhani baraza ni kiti cha mawe tu mbele ya nyumba. Ni sebule, ni gazeti, ni mahakama ndogo. Nyumba za Mji wa Kale nyingi zimegawanywa vyumba, familia tatu nne kwa ngazi moja, na ndani ni joto. Watu hulala ndani. Maisha wanayaishi mlangoni. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Kibokoni “kaa nyumbani”, hujamwambia akae nyumbani kwake. Umemwambia aache nusu ya nyumba yake.

Pili, saa. Mombasa mwezi wa Mei jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi. Kafyu saa moja. Kati ya tende ya kwanza na amri ya serikali palikuwa na dakika kama arobaini na tano. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi, kwa hiyo hata tarawehe ziliswaliwa nyumbani. Kina mama wanaouza viazi karai, bajia na mahamri jioni walipoteza biashara siku ya kwanza tu ya kafyu, mwezi mzima na zaidi kabla mtaa haujafungwa. Vijana wanaobeba mizigo kwa kibarua cha siku walikuwa nje ya kazi wakati hakuna hata senti ya akiba. Na maji: tuliambiwa tunawe mikono kila mara, katika mji ambao mifereji hukaa siku kadhaa bila kutoa maji na watu hununua kwa mitungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni.

Tatu, sahani. Ramadhani huku kwetu jirani humpelekea jirani futari, na sahani hairudi tupu. Ukipelekewa mkate wa sinia, unarudisha na kaimati. Ukipelekewa tambi, unarudisha na maharagwe ya nazi. Mwezi mzima sahani zinazunguka hata mtu anasahau ya nani ni ipi. Shangazi ana mwenzake wa miaka thelathini, Bi mmoja aliyekuwa ameolewa upande wa pili wa kizuizi, nje ya eneo. Sahani ya shangazi, ile ya udongo yenye maua ya buluu, ilikuwa kwa yule Bi siku mtaa ulipofungwa. Kwa wiki nzima walipigiana simu kuhusu ile sahani. Ukiwasikia utadhani ni wazimu, watu wanakufa na hawa wanazungumzia sahani. Nilichelewa kuelewa kwamba walikuwa wanazungumzia kila kitu.

Haya ndiyo mambo ambayo La Peste haina, na kuna sababu haina. Rudi kwa Rambert, mwandishi wa habari mwenzangu. Kwa nini yuko Oran? Wasomaji wengi hawakumbuki, kwa sababu riwaya yenyewe inasahau. Gazeti lake la Paris limemtuma achunguze hali ya maisha ya Waarabu na afya yao. Anamwendea Rieux, naye anamjibu kwamba hali si nzuri, lakini kwanza anataka kujua kama gazeti lake linaweza kusema ukweli wote. Rambert anakiri kwamba si wote. Basi Rieux anakataa kumpa habari nusunusu. Mpaka hapo ni mazungumzo mazuri sana juu ya kazi yetu. Kisha, wakiagana, Rieux anamdokezea kwamba ipo habari nyingine ya kuvutia: panya wengi wanakufa mjini. Rambert anachangamka. Hiyo inamvutia.

Na hapo Waarabu wanaisha. Hakuna Mwarabu hata mmoja anayepewa jina katika riwaya inayotokea Algeria. Mmoja anatajwa kwa kupita, kwenye mazungumzo ya dukani, na huyo tayari ameuawa ufukweni. Mwaka 1970 mhakiki Conor Cruise O’Brien aliliweka jambo hili wazi kwenye kitabu chake juu ya Camus, na Edward Said akaliendeleza mwaka 1993. Hoja yao kwa ufupi: riwaya hii ni fumbo la Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani. Tauni ni Manazi, vikosi vya Tarrou ni wapiganaji wa siri. Sasa, fumbo la kukaliwa ukilisimulia katika nchi ambayo Mfaransa mwenyewe ndiye ameikalia, lazima uwaondoe wenyeji, la sivyo watauliza swali: kwetu sisi tauni ni nani?

Nataka kumtendea Camus haki. Oran ya wakati ule ilikuwa na Wazungu wengi kuliko miji mingine ya Algeria. Na maumivu anayoyaandika ni yake mwenyewe: mwaka 1942 alikuwa Ufaransa akiuguza kifua kikuu, mkewe amerudi Oran, na Novemba, majeshi ya Washirika yalipotua Algeria na Wajerumani wakateka kusini mwa Ufaransa, wakatenganishwa. Kurasa za kutengana ndizo bora kuliko zote, na zimelipiwa. Wala mwandishi halazimiki kuandika kila mtu. Lakini riwaya yenyewe ndiyo iliyoahidi. Ndiyo iliyomleta mwandishi wa habari kwa ajili ya watu fulani, kisha ikampa panya.

Kasoro nyingine iko katika neno dogo: sisi. Msimulizi anajiita mwandishi wa tarehe, anasema “mji wetu”, “wenzetu”. Mwishoni tunagundua kwamba msimulizi ni Rieux. Wahakiki wengi husifu mbinu hiyo kwa unyenyekevu wake. Mimi siku hizi inanitia wasiwasi. Daktari mwenye gari na kibali, anayeingia kila nyumba na kutoka, anasema “sisi” kwa niaba ya mji mzima, pamoja na mitaa ile aliyoipa aya moja. Mwaka 2020 tulisikia “sisi” nyingi namna hiyo. Tuko pamoja. Sote tukae nyumbani. Lugha yetu, kwa bahati, inaumbua ujanja huu haraka. Matangazo yalisema *tujifungie*. Watu wa nyumba kubwa waliandika mitandaoni jinsi *walivyojifungia* na vitabu vyao. Kibokoni sikusikia hata mmoja akisema amejifungia. Walisema *tumefungiwa*. Shangazi alisema *tumezingirwa*, neno la vita, na alilisema akiwa mahali ambapo kuta za Fort Jesus si mbali, ngome iliyozingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi yakiua wengi ndani yake. Kati ya *kujifungia* na *kufungiwa* pana silabi chache tu. Fasihi nyingi ya lockdown niliyoisoma imeandikwa kwa neno la kwanza.

Sidharau yote. Shajara za Fang Fang kutoka Wuhan, alizoziweka mtandaoni usiku baada ya usiku mpaka zikafika 60, zina ujasiri ambao wengi wetu hatuna. Lakini hata yeye, alivyo mkweli, ni mwandishi mwenye chumba, chakula na dirisha. Dirisha na roshani vikawa alama za mwaka ule: watu wa Italia wakiimba kwenye roshani, Uingereza wakipiga makofi mlangoni. Hapa kwetu, siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, Kiamaiko, Nairobi. Alikuwa nyumbani, kama alivyoamriwa. Siku ya kwanza ya kafyu, tarehe 27 Machi, abiria waliokuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, watu waliokuwa wanahangaika kufika nyumbani kabla ya saa moja, walirushiwa gesi ya machozi. Msomaji wa Kenya hawezi kuisoma roshani kama anavyoisoma msomaji wa Milan. Mhakiki anayedai kwamba janga lilitufanya wanadamu wote kuwa kitu kimoja ana deni la kueleza roshani hizo mbili.

Kuna tukio moja katika La Peste ambalo kila mtu analipenda, nami nililipenda. Usiku mmoja wa Novemba, Rieux na Tarrou wamechoka. Tarrou amemaliza kusimulia maisha yake. Wanaamua kwenda kuogelea, kwa ajili ya urafiki. Wanamwonyesha mlinzi vibali vyao, wanapita, wanateremka gatini, wanaogelea pamoja bila kusema neno. Ni kurasa mbili tatu za amani katika kitabu cha mauti. Nilipozisoma mara ya kwanza, chuoni, sikuviona vile vibali. Nilipozisoma Mei 2020 sikuona kitu kingine. Kutoka darini kwa shangazi bahari inaonekana, hapo chini, karibu kiasi kwamba unasikia harufu yake. Vijana wa mtaa waliozoea kupiga mbizi kila alasiri walikuwa wanaiangalia tu. Amani ya Rieux na Tarrou ni ya kweli, lakini imefunguliwa kwa karatasi. Camus anaiandika ile karatasi, tena waziwazi, kisha hailizi swali.

Kama unataka kitabu kinachouliza, chukua cha zamani zaidi. Daniel Defoe alichapisha A Journal of the Plague Year mwaka 1722, kuhusu tauni ya London ya 1665, ambayo yeye aliipitia akiwa mtoto mdogo. Ni kitabu kilichojaa fujo: jedwali za vifo, uvumi, amri za halmashauri, visa visivyo na mwisho. Kisanaa hakimfikii Camus hata robo. Lakini Defoe anasimama mlangoni. London ya wakati ule nyumba yenye mgonjwa ilifungwa, pamoja na wazima walioko ndani, ikatiwa alama ya msalaba mwekundu, ikawekewa mlinzi usiku na mchana. Defoe anataka kujua mlinzi yule alifanya nini. Tunaambiwa ni yeye anayetumwa kununua chakula, anaufunga mlango na kuondoka na ufunguo. Tunaambiwa jinsi watu walivyomhonga, walivyomdanganya, walivyotorokea nyuma. Msimulizi anajiuliza tena na tena kama kuwafungia wazima na wagonjwa kuliokoa watu au kuliwaua, na anaelekea kuamini kwamba madhara yalizidi faida.

Na kuna jambo moja ambalo Rieux asingelikiri. Msimulizi wa Defoe anateuliwa kuwa mkaguzi wa kusimamia ufungaji huo wa nyumba. Haitaki kazi, anajua ni mbaya, lakini hapingi hadharani. Anamlipa mtu mwingine aichukue, na baada ya wiki tatu hivi anajitoa. Anatuambia hivyo bila kujipamba. Huyo simpendi, ila namwamini. Ametuonyesha kibali chake, bei yake, na namna alivyokitumia.

Basi nami nionyeshe changu. Kwa mwezi ule wote niliingia Mji wa Kale mara sita au saba. Nilichokiandika kazini ni hiki: idadi ya waliopimwa, idadi ya walioambukizwa, siku zilizobaki, kauli ya afisa, kauli ya kiongozi, picha ya barabara tupu. Mhariri alitaka maneno mia tatu, na mia tatu alipata. Kisa cha sahani nilikiandika kwenye daftari, nikakiona kidogo mno. Kina mama wa viazi karai niliwapa sentensi moja. Siku moja kijana mmoja kizuizini, akiwa na mfuko wa mkate aliokuwa anasubiri mtu aje auchukue upande wa pili, aliniuliza, “Brathe, hiyo kadi inapatikana wapi?” Nikacheka, akacheka, nikapita. Sikuandika hilo pia.

Rambert, kwa heshima yake, anabadilika. Anahangaika nusu ya kitabu kutafuta njia ya kutoroka amrudie mpenzi wake, na anapoipata anakataa, kwa kuwa anaona aibu kuwa na furaha peke yake. Anabaki kusaidia. Lakini ile makala haiandiki. Anajiunga na kikosi, anakuwa mtu mwema, na kazi iliyomleta inabaki vilevile. Zamani nilidhani huo ndio ushindi wake. Siku hizi naona ni ushindi na kukwepa kwa pamoja. Wema wa kubeba unga nami nilikuwa nao. Shangazi hakuwa ameniuliza kuhusu unga.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama La Peste isomwe, nasema isomwe, tena na sisi kuliko wengine. Hakuna kitabu kinachoeleza vizuri zaidi jinsi mji unavyozoea mauti, jinsi matumaini yanavyochosha, jinsi watu wa kawaida wanavyofanya lililo sawa bila ngoma wala tarumbeta. Ila ukifika ile aya ya sehemu ya tatu, simama. Funga kitabu kwa dakika tano. Jiulize wewe ulikuwa upande gani wa kizuizi, na nani alikuwa upande wa pili, na unajua nini juu yake kisichokuwa nambari. Kitabu chochote cha janga, na cha Kiswahili kitakachokuja au kilichokwisha kuja, mimi nitakipima hivyo. Sitauliza kama kinatufariji. Nitauliza kama kinaingia ndani ya aya ile.

Tarehe 6 Juni ilipopita, kizuizi kiliondolewa. Kesho yake kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku. Yule Bi wa upande wa pili alikuja Kibokoni kwa miguu, barakoa usoni, na ile sahani ya maua ya buluu mkononi imefunikwa kitambaa. Idi ilikuwa imepita wiki mbili nyuma. Ndani mlikuwa na vipande vya mkate wa mayai. Walisimama mlangoni, kila mmoja upande wake wa kizingiti, wakalia kidogo, kisha wakaanza kubishana kuhusu zafarani ya nani ni bora. Mimi nilikuwepo, kadi shingoni. Hii ndiyo mara ya kwanza naliandika.

Kama mwezi ule ulikuwa Kibokoni, Kuze, Eastleigh, au mtaa wowote ulioambiwa usitoke, una habari ambayo Rambert hakuiandika. Iandike, hata kama unaiona ndogo.